Tawi Lililotoboa Bahasha

Yasna, tawi lako limefika.
Limetoboa bahasha, limemchoma tarishi kidole;
kanikabidhi kwa ncha za kucha, kama aliyeshika nge.
Unauliza jina. Uliliokota njia ya Ancud
basi lilipopata pancha, ukajiuliza:
ua zuri hivi, mbona halichumwi?

Lishike kwanza. Jina litakuja lenyewe.
Lisipokuchoma, hilo ni retamo,
binamu mpole mwenye vijiti vya kufagilia,
ambaye upole wake uko nje tu: mbegu zake
zilimlaza ndama wa Eduvina siku mbili, miguu ikitetemeka.
Likikuchoma kila upande,
jani likiwa limeghairi ujani likawa mwiba,
na mwiba umezaa mwiba,
hilo ni espinillo.

Sasa tazama ua. Petali moja imesimama kama bendera,
mbili ni mbawa, mbili zimeshikana chini
kama viganja vinavyoficha shilingi.
Ua la njegere hilo. Ni wa ukoo wa maharage,
lakini si kila wa ukoo huingia chunguni.
Usionje. Mtoto asichezee ganda lake.

Harufu bahasha imeiua.
Septemba, jua likitoka baada ya mvua ya siku kumi na moja,
kilima kizima hunukia kitu
ambacho utotoni hatukuwa na jina lake.
Nilikuwa na miaka arobaini na miwili niliponunua nazi,
sokoni Castro, kwa udadisi tu, kwa bei ya kuku.
Nikaipasua kwa nyundo, nikanusa, nikapiga ukelele:
"Remigio, njoo! Wametia ua letu ndani ya jiwe!"

Si wa hapa. Babu alisema mbegu zilikuja
katika kopo la chai la Mjerumani
aliyechoka kununua nguzo.
Alitaka ua wa kuzuia kondoo, akapata ua la njano;
ua wenye maua, ua unaotembea usiku.
Mgeni siku ya tatu hupewa jembe;
huyu alilichukua mwenyewe, akalimia tumbo lake.

Nisimsingizie, lakini.
Mama alichemsha maua yake na shabu, akatosa sufu:
soksi zako za kwanza zilikuwa rangi ya kiini cha yai.
Mwaka nyasi zilipokosekana, baba alitwanga matawi machanga,
farasi akala, akang'aa.
Na kuni zake! Mkate huiva
kabla jirani hajamaliza umbeya.

Ila kuni hiyo haingoji kibiriti mara mbili.
Februari ile Remigio alichoma kipande.
Kipande tu, alisema, upepo umelala.
Upepo ukaamka.
Ua ukapokezana moto, kichaka kwa kichaka,
kama watu wanavyopokezana ndoo,
hadi nyumba ya Heriberto Nahuelquín, ya mbao tupu.
Alitoka na redio na paka.
Mpaka leo kanisani hatusalimiani.
Namsalimia mbwa wake.

Mvua ya kwanza, kilima cheusi kikachipua:
miche maelfu, majani matatu matatu, laini,
kana kwamba moto ulikuwa kadi ya mwaliko.
Wakati huo tu hung'oka kwa vidole viwili.
Wanasema mbegu hulala udongoni miaka thelathini.
Mimi nang'oa tangu ulipozaliwa,
nawe umetimiza thelathini na mmoja.

Tawi nimelitia jikoni. Limelia likiwaka.
Kabla ya hapo nilitazama lile ganda jeusi lenye vinyweleo:
lilikuwa limepasuka, limejisokota, tupu.

Yasna, ulilibeba katika mkoba gani?
Na huo mkoba, ulikwenda kuukung'utia wapi?